Kidole cha Baba

Fundi wa lifti alikuwa ameinama juu ya kitanda cha mtoto kwa saa moja na nusu, na kiuno kilikuwa kinamlilia. Binti yake wa siku tano alikuwa amemkamata kidole na hakuonyesha dalili ya kukiachia.

Mkewe alimwambia akivute tu. Fundi akasema mkono wa mtoto mchanga si waya, hauvutwivutwi. Mkewe akamtazama, akaguna, akarudi kulala.

Simu ya kazini ilikuwa imeshaita mara tatu. Mara ya tatu msimamizi alisema kuna kazi ya dharura, tena karibu na kwake, na asipokwenda leo asihangaike kuja kesho. Fundi akajibu kwamba ameshikwa. Msimamizi akauliza kama ni polisi. Fundi akaona ukweli utamharibia zaidi, akakata.

Kidole angekivumilia. Ila mlango wa jirani ulipobamizwa, mtoto alirusha mkono wa pili na miguu yote, macho yakamtoka, kisha akajikunja. Fundi alikuwa amesikia habari za degedege. Akampigia mkunga aliyemzalisha mkewe, ambaye asubuhi hiyo alikuwa ameahidi kupita kumwona mtoto.

Mkunga alipokea kabla simu haijaita sawasawa. "Afadhali umepiga, baba. Nina jambo..."

Fundi hakumwacha amalize. Akamwaga yote kwa pumzi moja: kidole, kule kushtuka, chafya nane tangu alfajiri, na kwamba ukimgusa shavu anageuka na kuachama hata kama ametoka kunyonya sasa hivi.

Mkunga akamweleza taratibu, kama mtu asiye na pa kwenda. Sauti yake ilikuwa na mwangwi. Alisema degedege huendelea hata ukimshika mtoto, lakini kushtuka huku kunaisha kwenyewe. Chafya zinasafisha pua. Akigeuza shavu anatafuta ziwa, awe na njaa au asiwe nayo. Na kushika ndivyo watoto wachanga walivyoumbwa: hata ukimpa mpini wa kijiko ataukamata.

Hilo la kijiko lilimchoma fundi. Kwa saa moja na nusu alikuwa ameamini kwamba binti yake amemtambua.

"Kwa hiyo anashika chochote?"

"Chochote," alisema mkunga. "Lakini kijiko kisingesimama hapo asubuhi nzima. Sasa msugue mgongo wa mkono, polepole."

Fundi akamsugua. Vidole vikafunguka kimoja kimoja. Akanyoosha mgongo, akafuta macho kwa bega, akamshukuru mkunga na kumwuliza atafika saa ngapi.

"Nimeshafika kwenu tangu saa mbili," mkunga alisema. "Chukua vifaa vyako, baba, uje unitoe. Nimekwama kwenye lifti, kati ya ghorofa ya tatu na ya nne."