Kosa Lisilosikika

Zama hizo piano za mbao zilikuwa zimetoweka majumbani. Kila mpigaji alikuwa na ubao wa kioo, na programu iliyokuwamo ilimpa uzito wa kibonye chini ya kidole, mvumo wa nyuzi, hata mlio hafifu wa kanyagio.

Bi Ruzuna aliushukuru ubao huo. Kiharusi kilikuwa kimeulegeza mkono wake wa kushoto, naye kwa mazoezi aliusikia ukirejea. Jumamosi angerudi kuipigia klabu yake ya taarabu.

Alasiri moja, baada ya sala, aliingiza kwa makusudi sauti ya kombo. Huo ulikuwa utani wao tangu ujana: akikosea hivyo, mumewe, Haroub, hulalama jikoni, "Umeniua, bibi wee!" naye hujibu, "Basi niletee chai, marehemu." Safari hii ilitoka sauti sahihi. Akarudia kosa, ikatoka sahihi tena.

"Nani amekuamuru unisahihishe?" aliuuliza ubao kwa sauti ya chini.

"Bwana Haroub," kioo kilijibu kwa adabu. "Tangu siku ya kwanza."

Bi Ruzuna aliita, "Haroub! Ninayepiga ni mimi kweli?"

"Nani mwingine? Mkono wako umepona, wallahi!"

Akaanza wimbo wa Jumamosi. Ulipofika katikati, aliinua mikono yote miwili kutoka kiooni akaiweka mapajani. Wimbo uliendelea, mtamu, bila pengo.

"Unasikia mwenyewe?" Haroub alisema kutoka jikoni. "Leo umepita kiasi!"