Sugu za Mama Punda

Zama hizo Punda alimlea Zamda, mtoto yatima wa ngamia, aliyeletwa kutoka nchi ya mbali ya mchanga. Punda alikuwa amesikia kuwa ngamia huamkia wakubwa kwa kupiga magoti. Basi kila asubuhi alipiga magoti kwenye kokoto, akisema, "Mwanangu, kwenu huamkiana hivi."

Mbuzi, jirani asiyefunga mdomo, akacheka. "Shoga, unajichubua bure! Akiwapata wenziwe atakusahau."

"Na anisahau mimi," Punda akajibu, "ila asisahau kwao."

Siku moja ukapita msafara wa ngamia. Zamda akapiga magoti sawasawa, kisha akamalizia kwa mlio wa punda. Ngamia wakaangua kicheko.

"Nani kakufunza?" akauliza bibi wa msafara.

"Mama," akasema Zamda, akimwonyesha Punda.

Bibi akayatazama magoti ya Punda yaliyoota sugu. Halafu akasema, "Sisi sugu hizi tunazaliwa nazo, dada. Wewe umezitafuta."

Msafara mzima ukampigia Punda magoti. Wote walipokwisha kuinuka, Zamda alikuwa bado yuko chini.