Kizibiti cha Bwana Nyama

"Shusha!" alifoka Abdulghafur, na mwindaji Kioko akayashusha magunia yake mawili ya nyama palepale kwenye gati la feri ya Likoni, upande wa kisiwani, abiria wakimtazama.

Abdulghafur alikuwa afisa wa wanyamapori. Uhuru ulikuwa na mwaka mmoja tu, na watu bado walimwita Bwana Nyama, jina walilowaitia Wazungu waliomtangulia kwenye kile kiti. Hakuwahi kufyatua bunduki wala kulala porini. Wanyama aliwajua wakishafika kwenye sahani.

Siku hiyo haja yake ilikuwa nyama. Kesho yake bintiye Swabaha alikuwa anaolewa na mtoto wa Sheikh Jamaldin, ukoo ambao hata salamu huitoa kwa mizani. Abdulghafur alikuwa amekwisha kujitapa kwenye baraza zote za Kibokoni kwamba karamu yake ya walima haitakuwa ya mbuzi waliokonda. Majigambo yalikuwepo, mbuzi ndio hawakuwepo, wala waliokonda wala walionona. Akiumbuka mbele ya wakwe, ataumbuka mpaka kaburini.

"Leseni iko wapi?"

"Bwana, kwa huyu leseni haitakiwi. Huyu ni mnyama wa—"

"Haitakiwi! Kwani umewinda kuku?"

Askari wake wakaangua kicheko, maana hiyo ndiyo kazi waliyoiweza.

"Nyama hii sasa ni kizibiti cha kesi," aliendelea. "Itakaa kwenye chumba cha barafu cha serikali mpaka mkubwa wangu aamue."

"Lakini wateja wangu Wagoa wananingojea, Bwana. Na ningetaka ujue kwamba—"

"Nishajua. Nyote mna hadithi moja, mwabadilisha majina tu."

Abdulghafur aliuona usoni mwa Kioko ule ujinga wa wawindaji ambao haukuacha kumchekesha. Porini hawakanyagi jani bila kulichungua. Mbele ya kofia ya serikali hufumba macho wakashikwa mkono. Ukiwatajia chumba cha barafu, wanauona mlango, wanaiona na kufuli.

Nyuma ya Kioko alisimama Faraj, mchinjaji wa Mtongwe aliyefuatana naye kila safari. Mwindaji asiye Mwislamu akitaka kuuza nyama kisiwani, huandamana na Mwislamu wa kumchinjia. La sivyo hanunui mtu. Abdulghafur alipomwona Faraj, moyo wake ulitua. Nyama ya halali hiyo, tena bure.

"Faraj, hebu wasaidie askari kupakia."

"Mimi sigusi, Bwana."

"Waogopa nini, uzito au jela?"

Faraj aliyatazama magunia kwa mbali, mikono mgongoni. "Kweli itakwenda barafuni, Bwana?"

"Si nimesema ni ya serikali! Serikali ina meno?"

"Haya," alisema Faraj, na akaonekana kuridhika.

Gari la idara halikuelekea kwenye chumba chochote cha barafu. Liliingia Mji wa Kale, likasimama penye kichochoro cha nyumba ya Abdulghafur, na magunia yakabebwa mpaka jikoni.

"Wawindaji wameniletea zawadi," alimwambia mkewe, Mwanakuu. "Watu wangu wale, wananipenda."

Mwanakuu alifungua gunia, akabonyeza pande moja kwa kidole. Nyama ilikuwa imekwisha kuchunwa na kukatwa vipande, haina kichwa wala kwato. "Nyama ya nini hii?"

"Ya pofu."

"Pofu mwenye shahamu hivi?"

"Basi ni pofu aliyekula vizuri! Pika, mke wangu, acha kuhoji chakula."

Ikapikwa. Kesho yake, baada ya nikaha, wanaume walikaa mikekani na masinia ya pilau yakateremshwa, kila sinia nyama imeufunika wali. Sheikh Jamaldin, ambaye kwa watu hula tonge tatu za adabu kisha akanawa, alikula mpaka akafungua kifungo cha kanzu.

"Mkwe," alisema, "tangu nizaliwe sijala nyama laini kama hii."

Abdulghafur akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo. Alipokiinua, alimwona Kioko amesimama mlangoni, na Faraj ubavuni pake.

Aliwakimbilia kabla hawajavuka kizingiti, akawasukumia nje barazani.

"Ofisini wametuambia uko harusini, Bwana, utusamehe," alisema Kioko. "Mkubwa wako amesema sina kosa. Nimekuja kuchukua kizibiti changu."

Kazi yake, jina lake, ndoa ya bintiye: vyote vilikuwa ndani vikitafunwa. Lakini uongo haukuwahi kumtupa Abdulghafur.

"Mtambo wa barafu uliharibika. Nyama ikaoza. Nimeimwaga baharini kwa mkono wangu mwenyewe."

"Yote?"

"Hata mfupa haukusalia."

Kioko akatikisa kichwa. "Basi, Bwana. Hasara ni yangu."

Wameamini! Abdulghafur aliuma midomo asicheke. Mbumbumbu hawa, ungewaambia nyama imeota mbawa wangetazama juu.

Mkono ukamgusa begani. Ni Sheikh Jamaldin, ametoka akitafuna, vidole vyang'aa mafuta. "Wageni wawekwa nje siku ya furaha? Karibuni ndani, jamani, mle!"

"Ahsante, Sheikh, tutakula, tena kwa moyo mweupe," alisema Faraj, akainua viganja vyake juu. "Alhamdulillahi imemwagwa! Mimi jana sikupata usingizi, nikihofia isije ikaangukia chungu cha Mwislamu. Maana nguruwe akishachunwa na kukatwa vipande, nani atamtambua?"