Kikombe cha Hiliki

Kumbukumbu za kambini hutoki nazo. Mkataba ukiisha, wanazichukua langoni pamoja na kitambulisho cha kazi, kisha wanakupandisha ndege. Najua nilikuwa dobi wa wanajeshi ng'ambo, miaka mitatu, kwa sababu tu mkataba unasema hivyo.

Lakini mikono yangu haikutia saini chochote. Nikifua, inapekua mifuko yote kwanza. Nikipika chai, inatia hiliki, na mimi hiliki sikuwahi kuipenda. Halafu inamimina vikombe viwili. Mume wangu Mwakio ana vidonda vya tumbo, hanywi chai.

"Sasa hicho cha pili ni cha nani?" huniuliza.

"Niache, baba Wakesho."

Nakaa nacho mpaka kipoe, nimejaa hamu ya mahali nisipopajua. Nadhani nilicheka sana huko.

Jumapili birika jipya la jirani lilipiga mluzi. Kabla sijafikiri, nilikuwa chini ya meza na binti yetu Wakesho, mkono wangu wa kulia umemfunika kichwa. Mluzi uliponyamaza alicheka, akidhani ni mchezo. Kisha akautazama mkono wangu wa kushoto. Ulikuwa umejikunja kukumbatia hewa, vidole vimekaza.

"Mama, na huku umemshika nani?"

Mwakio alikuja akainama, akatuambia tutoke. Nilimsukuma mtoto kwa baba yake. Mimi nikabaki pale chini, maana mkono wa kushoto ulikataa kumwachilia.