Kufuli la Ngatia

Inspekta alikuwa ameshainua nyundo avunje kufuli la swichi awashe taa za ghala, Kefa akamshika mkono. Mwaka huo wa Hali ya Hatari, pale Nyeri hukumshika mzungu mkono ukabaki na meno yako, lakini siku hiyo Kefa hakuwa akiwazia meno.

“Usiwashe, Bwana. Huyo mtu ako ndani na waya mkononi.”

Kufuli lilining'inia kwenye swichi kuu, nje, ukutani mwa ghala la petroli. Swichi haikuwekwa ndani kwa sababu ikizimwa hutoa cheche, na mvuke wa petroli hauna utani. Sheria ilikuwa imeandikwa hapo ukutani kwa rangi nyekundu: fundi anayeingia azime umeme, afunge swichi kwa kufuli lake mwenyewe, abaki na ufunguo. Mwingine yeyote asiguse. Sheria ya wazungu wenyewe, hata Inspekta akaisoma mara mbili.

Kufuli hilo la kijani lilikuwa la Ngatia, fundi mwenzake Kefa, mtu waliyekula naye githeri sufuria moja tangu waajiriwe. Jana mtu aliyefunikwa gunia kichwani alimtaja kwa polisi kwamba anawapelekea watu wa msituni chakula. Akishikwa, ni kambi ya wafungwa Manyani moja kwa moja, na mkewe Wamucii karibu ajifungue.

“Basi vunjeni mlango,” Inspekta akasema; ulikuwa wa kujifunga ukivutwa, na ufunguo wake alikuwa nao Ngatia.

Sajini Wasike akakohoa. “Afande, mlango ni chuma, nyundo ni chuma. Cheche moja tu, sisi wote tutazikwa kwa debe moja.”

Inspekta akatazama lori lake lililoegeshwa karibu, akarudi nyuma. Akamwamuru Kefa amwite mwenzake.

“Ngatia,” Kefa akaita. “Polisi wako hapa. Toka.”

Askari wakategea sikio mlangoni.

“Wewe ungejibu?” Sajini akauliza, akacheka peke yake.

Walizunguka ghala, bunduki mbele, wakangoja. Kisha Wasike akatoa shauri ambalo hakuna aliyemwomba: waitwe pia askari wa kizuizi cha barabarani Kiganjo, mtu asije akawaponyoka. Inspekta akampigapiga begani. Kefa alimchukia. Mtu wa kwao Bungoma, wanasali kanisa moja, ati ndiye wa kujipendekeza hivyo!

Kefa hakutulia. Alikaa juu ya pipa, akainuka. Akaenda chooni, akarudi, akaenda tena. Alifunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Kila askari aliyesogelea mlango, Kefa alimfuata kwa macho, na walisogea wote, mmoja baada ya mwingine, kunusa.

Askari wa Kiganjo wakafika, wakajipanga nao. Jua likainama. Inspekta akachoka, akaingia ofisini kunywa chai, akaacha neno kwamba asiondoke mtu mpaka mlango ufunguke.

Wasike akaja kusimama kando ya Kefa. Hakumtazama, macho yake yalikuwa kwa ghala.

“Fundi, wacha kutembeatembea, utawafanya hawa vijana waanze kufikiri,” akasema polepole. “Asubuhi nilikuwa kwa kizuizi. Nikapitisha Kefa mmoja, anaenda Timau na kipande yako ya kitambulisho. Mrefu kukushinda, huyo Kefa. Sasa barabarani hakuna askari wa kumfuata.”

Halafu akawageukia askari, akawafokea wakaze macho kwa mlango.