Kanga Juu ya Kompyuta

Kompyuta ya marehemu Mzee Shekue ilikuwa ikinguruma kama mashine ya kusaga. Fundi Nasra alipoifunua kanga, joto lilimpiga usoni.

"Bibi, mbona mmeifunika huku inawaka?"

"Siku ya msiba tulifunika vioo vyote, na televisheni, na hiyo," alijibu Bi Mwanakombo, mjane wa mzee. "Kuizima nikaogopa."

Siku arobaini ilikuwa haijazimwa. Ndani yake mlikuwa na sauti ya mumewe akiwasimulia wajukuu ngano, na nakala nyingine haikuwepo popote.

Nasra alitoa flashi ili anakili kwanza. Kabla hajaichomeka, mngurumo ulikatika na kompyuta ikazimika yenyewe.

"Joto limeizidi," alisema. Akafungua kifuniko, akapuliza vumbi lililoziba feni, akangoja ipoe, akaiwasha. Iliwaka kimya kabisa, ikadai neno la siri.

"Analijua nani?"

"Yeye tu. Mimi nilikuwa jikoni, nikimsikia akilibonyeza kila asubuhi."

Nasra akageuka upesi. "Ulikuwa ukisikiaje?"

Bi Mwanakombo akafumba macho. Kidole chake kikagonga meza mara nne haraka, kikatulia, kisha kikagonga mara tatu polepole. Akafumbua macho ghafla.

"Alikuwa na jina la kuniita, tukiwa wawili tu."

"Jina gani, bibi?"

Mjane akajitanda ile kanga, akaivuta kibodi karibu.

"Hebu geukia ukutani, mwanangu."

Nasra akageuka. Nyuma yake akasikia vibonyezo: vinne haraka, kimya, kisha vitatu polepole.