Jipu la Usukani wa Kushoto

"Bado, baba," alisema mama mkwe.

Fundi akalirudisha jipu lake nyuma ya lori, akameza moshi. Baada ya dakika moja akauliza tena, kwa sauti ya mtu anayeomba maji ugenini.

"Samahani, mama, sasa je?"

"Bado."

Alikuwa fundi wa vyerehani, mtu wa kufungua mashine na kuzifunga, na kiburi hicho ndicho kilichomtuma kununua jipu la jeshi lenye umri mkubwa kuliko wake. Bodi chuma kitupu, rangi safi, injini inanguruma utadhani jana ndiyo imetoka kiwandani. Kilichomponza ni usukani. Ulikuwa kushoto, na huku magari hupita mkono wa kushoto. Mjini hakuona taabu. Lakini kwenye barabara hii nyembamba ya milimani, kila alipotaka kulipita lori aliona mgongo wa lori tu, basi. Aliyekaa upande wa kuchungulia ni mama mkwe.

Afanyeje? Kujikalia nyuma ya malori haikuwezekana, maana jipu likitambaa mlimani lilichemsha maji. Taa za mbele nazo zilikuwa zimegoma tangu asubuhi, kwa hiyo ilikuwa lazima wafike kabla ya giza. Na mkewe, aliyetangulia kwa basi kumwandalia mama yake chumba, alikuwa amepiga simu: "Nina mama mmoja tu. Mfikishe mzima, mengine sitaki kusikia."

"Mama, samahani tena..."

"Haya, pita, baba."

Akakanyaga mafuta. Jipu likalia, likatoka kulia, na mbele kweupe! Lori likabaki nyuma. Fundi akashusha pumzi.

"Mungu akuweke, mama."

"Amina."

Zaidi ya hapo hawakuzungumza. Ukwe ni ukwe. Kule hospitali walikotoka, muuguzi ndiye aliyemsukuma mama kwenye kiti cha magurudumu mpaka mlangoni pa jipu, akampandisha na kumfunga mkanda. Kwenye kituo cha mafuta, mhudumu wa kike alimshika mkono kumpeleka msalani, naye fundi akajitia anakagua tairi. Tangu safari ianze hakuwa amemtazama usoni. Mama alikuwa ameushusha mtandio mpaka kwenye nyusi, naye fundi macho mbele, adabu tupu. Hata ugonjwa uliomlaza wiki tatu hakuujua. Alipomuuliza mkewe, alijibiwa, "Mama kasema mkwe asiambiwe." Akadhani ni mambo ya kike, akafyata mdomo.

Saa tisa alasiri wakalikuta lori la mafuta, refu, linapanda mlima kwa kujikokota. Mshale wa joto ukaanza kupanda.

"Samahani, mama?"

"Bado."

Mvuke ukaanza kutoka puani mwa jipu. "Mama, samahani sana, na sasa?"

"Bado, baba."

Akangoja mpaka akashindwa. "Mama?"

"Haya, pita."

Akatoka. Lahaula! Basi lilikuwa limemjaa usoni, taa zinawaka, honi inalia. Akaukata usukani kwa mikono miwili, akajibanza tena nyuma ya lori la mafuta. Kioo cha pembeni, upande wa mama, kikang'oka na kwenda zake.

"Wanakimbia mno hawa," alisema mama mkwe kwa upole.

Fundi akasimamisha jipu kando. Alitaka kuliacha lidude lile pale pale aende kwa miguu, lakini mgonjwa angembeba mgongoni? Alitaka kusema, "Mama, tazama vizuri basi." Nani amwambie mama mkwe neno kama hilo? Yeye hakuthubutu. Akajikaza kiume, akaongeza maji, akawasha injini. Kutoka hapo alizidisha adabu, maana ndiyo silaha pekee aliyobaki nayo.

Kwa kweli yule mama alimshangaza. Hakupiga ukelele, wala hakuwa na pupa. Kila lori alilipima kwa utulivu: bado, bado, halafu pita. Fundi akaona haya kwa kumtilia shaka.

Walifika jua likizama. Mkewe akatoka mbio, moja kwa moja mpaka upande wa mama yake. Fundi akashuka anacheka peke yake kwa kupona.

"Malori kumi na tisa nimeyapita, mke wangu! Na yote ni mama aliyeniangalizia njia."

Mkewe alikuwa ameushika mguu wa mama yake, anauelekeza chini polepole. Akaganda. "Nani kakuangalizia?"

"Mama. Usukani uko kushoto, mimi ningechunguliaje?"

Mke akamgeukia mama yake. "Mama! Nawe ukamwambia apite?"

"Ningefanyaje?" alisema mama mkwe, huku mkono wake ukipapasa hewani kutafuta bega la bintiye. "Mkwe ananiuliza kwa adabu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikaona aibu kumwambia kwamba sioni."